Nimebaki na sindano na dawa za marehemu mama, nizipeleke wapi? (Mtwara)

#1 Binti Mikindani – Jumapili, saa 4:10 usiku

Habari za usiku wanajukwaa. Niende moja kwa moja, maana usingizi wenyewe hauji.

Mama yangu ametangulia mbele ya haki, arobaini yake tumesoma Ijumaa. Aliishi na kisukari miaka kumi na minne, na minne ya mwisho alikuwa akijichoma insulini asubuhi na jioni. Jana ndipo nilipopata moyo wa kuingia chumbani kwake kutoa vitu. Chini ya kitanda nikakuta chupa nne za soda, zile za lita moja na nusu, zimejaa mabomba ya sindano. Mama alikuwa mtu wa mpangilio. Hakutaka kutupa ovyo, akawa anayatumbukiza humo na kufunga kifuniko. Mimi kwa haraka zangu nikaona taka ni taka, leo asubuhi nikatia chupa moja kwenye kiroba pamoja na magazeti na matambara, nikatoa nje kusubiri gari.

Kabla gari halijafika akapita dogo mmoja wa kuokota makopo, umri wa darasa la sita hivi. Mnajua wanavyofanya: chupa haiingii kwenye kiroba ikiwa na hewa, lazima aiminye. Akaiminya. Sindano ikatokea ubavuni mwa chupa ikamwingia kiganjani. Nilisikia yowe nikiwa jikoni.

Kosa ni langu, simsukumii mtu. Ninachoomba ni mwongozo, kwa sababu zimebaki chupa tatu pamoja na mfuko mzima wa dawa. Kuna insulini vichupa vitano havijafunguliwa na kimoja kimetumika nusu, vyote viko kwenye friji. Vidonge ni metformini, amlodipini, losatani, diklofenaki pakiti nzima, amoksilini nusu kopo, na dawa ya kikohozi ya wajukuu ambayo hata sijui ni ya mwaka gani. Mchana nilikwenda famasi moja mjini nikasema nataka kurudisha. Binti wa kaunta akaniangalia kama nimembebea maiti. "Dada, sisi tunauza, hatupokei."

Nizipeleke wapi?

#2 Mchuuzi wa Feri – saa 4:19 usiku

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole sana dada. Naweka kambi hapa, maana hata kwangu droo ya dawa haifungi.

#3 Korosho Ghafi – saa 4:31 usiku

Pole. Lakini mbona jambo lenyewe jepesi? Fagia majani ya mkorosho, rundika, weka kila kitu juu, mwagia mafuta ya taa kidogo, kiberiti. Ndivyo tunavyofanya huku shamba miaka yote na hatujafa.

#4 Nesi Mstaafu – saa 4:52 usiku

Binti Mikindani, pole mwanangu. Kabla ya dawa na chupa, nijibu: yule mtoto yuko wapi sasa hivi?

Wengine msome pia, ajali hii haibagui. Mtu akichomwa na sindano asiyoijua, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usilikamue, usilinyonye, usilipake spiriti wala jiki. Kisha hospitali siku hiyohiyo. Zipo dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Zinamezwa siku 28 bila kuruka.

Hofu ya watu wote iko kwenye UKIMWI, kumbe kwenye sindano mwenye kutisha zaidi ni mwingine. Katika watu 1,000 waliochomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi vya UKIMWI, wanaoambukizwa ni kama 3. Kwa homa ya ini B, kama aliyechomwa hana chanjo, wanaweza kufika 300. Kwa hiyo mkifika pale ulizeni pia habari za homa ya ini na pepopunda. Msiridhike na kipimo kimoja.

#5 Binti Mikindani – saa 5:03 usiku

Shikamoo mama. Nilimuosha na sabuni ya kufulia, nikapanda naye bodaboda moja kwa moja. Ameanza dawa leoleo. Nimewaambia mama alikuwa anapimwa kliniki na hakuwa na maambukizi, wakasema hata hivyo dawa aanze, maneno ya ndugu hayapimwi maabara. Bibi yake nimeshamweleza. Hakunifokea, na hiyo imeniuma kuliko angenifokea.

#6 Nesi Mstaafu – saa 5:20 usiku

Marahaba. Hapo umefanya la kufanywa, na hao waliokupokea wanajua kazi. Majibu ya leo hayamalizi kitu, arudi kwa tarehe atakazopangiwa.

Sasa chupa. Marehemu mama hakukosea kukusanya sindano pamoja, alikosea chombo tu, na hakuna aliyemwelekeza. Hili nalisema nikiwa nimevaa gwanda miaka thelathini: tunampa mgonjwa insulini, tunampa mabomba, tunamfundisha kuchoma tumboni na pajani, halafu tunamwambia kwaheri. Bomba lililotumika liende wapi, hakuna anayemwambia. Wodini lipo sefti boksi, lile la karatasi ngumu la lita tano. Sindano ikitoka mwilini inaingia humo haijapoa. Nyumbani mgonjwa anabaki na chupa ya soda.

Chupa ya soda au ya maji ni laini, ncha inatoboa kama ulivyoona. Tafuta dumu gumu lenye kifuniko cha kuzungusha, kwa mfano galoni la dawa ya kufulia au dumu la mafuta ya kula la lita tano lenye plastiki nzito. Usizimimine sindano, wala usizihesabu. Ziingize hizo chupa tatu zikiwa zimefungwa ndani ya ndoo ngumu yenye mfuniko wa kubana, ile ya rangi ya ukutani ya lita ishirini inafaa sana. Zungushia gundi ya karatasi. Andika kwa kalamu ya wino mzito: SINDANO ZILIZOTUMIKA, USIFUNGUE. Peleka kituo cha afya au hospitali, na usiishie dirisha la dawa, pale watakurudisha. Uliza kliniki ya kisukari, au muulize mhusika wa kuzuia maambukizi, au afisa afya. Hao ndio wanaojua taka inaelekea wapi.

Kwa wanaoendelea kujichoma: sindano ikitumika usiirudishie kifuniko kwa mikono miwili, usiipinde, usiivunje. Itumbukize ilivyo. Dumu likifika robo tatu limejaa, usisindilie.

Ndugu Korosho Ghafi, nakuja kwako kesho. Macho yamechoka.

#7 Korosho Ghafi – saa 5:26 usiku

Nasubiri fimbo yangu 😂

#8 Fundi wa Mashimo – Jumatatu, saa 1:40 asubuhi

Mimi kazi yangu ni kutapisha vyoo, mjini hapa na pembezoni. Najua kuna mtu atakuja kusema "tumbukiza chooni yaishe", basi nimwahi.

Haiishi. Tunaingia chini sisi. Gari la majitaka linavuta maji na tope laini, kinachobaki chini tunakitoa kwa ndoo na koleo. Nimeshakuta simu, bangili, meno ya bandia. Sindano nimezikuta zaidi ya mara moja, na mwenzangu ilimpita kwenye buti la mpira. Mwenye nyumba ukimuuliza anasema hajui. Nani ajue, choo chake mwenyewe?

#9 Mwalimu wa Tandahimba – saa 2:15 asubuhi

Nimesoma yote, nashukuru, ila mnazungumza Kimjini. Gari la taka kwetu halijawahi kupita. Taka zinaingia shimo nyuma ya nyumba, likijaa tunafukia tunapanda mgomba. Zahanati iko kilomita saba. Nyumbani yupo mzee wangu anajichoma. Tunafanyaje sisi?

#10 Mfamasia Mtaani – saa 3:05 asubuhi

Niwe wazi: nina duka la dawa, kwa hiyo mnaweza kusema najitetea.

Kwanza kwa nini yule binti wa kaunta alikukatalia. Dawa ikishatoka mlangoni kwangu sina tena ushahidi ilihifadhiwaje. Huenda ilikaa juu ya bati, huenda mtu alibadilisha vidonge ndani. Siwezi kuirudisha rafuni hata kama pakiti inang'aa. Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, hainipi mwanya wa kucheza na dawa isiyofaa. Zangu zikiisha muda natenga kando, nazibandika maandishi kwamba haziuzwi, naandika orodha: jina, nguvu, namba ya toleo, kiasi, thamani. Naiandikia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba (ofisi ya kanda iko hapahapa Mtwara), wanakuja kukagua, zinateketezwa wakaguzi wakiwepo, napewa hati. Gharama yangu. Sasa fikiria kila mteja ananirudishia kikapu, orodha inarefuka na bili ni yangu. Kibinadamu angekuelekeza pa kwenda badala ya kukukodolea macho, hilo namlaumu.

Sheria imemkamata vizuri mwenye duka, mwenye hospitali na mwenye ghala. Mtu wa nyumbani mwenye mfuko wa vidonge hajawekewa sanduku popote la kuvitia. Kwa hiyo tunatumia akili ifuatayo.

Vidonge vichache vya kawaida (presha, sukari, maumivu) kama kituo cha afya hakijakubali kuvipokea: vitoe kwenye pakiti, changanya na kitu ambacho hakuna mtu wala mnyama atakitamani, mwagia maji kidogo viumuke, funga kwenye mfuko usiovuja, ndipo viingie kwenye taka zinazochukuliwa. Kwenye pakiti na chupa futa jina la mgonjwa. Dawa za maji vilevile, usimwage kwenye sinki wala mtaroni. Antibiotiki na insulini ningependa zirudi hospitali, usizitie kwenye mfuko wa taka.

Mwalimu wa Tandahimba, tofauti yako na mjini ni shimo tu. Usifukie dawa karibu na kisima, na sindano usizifukie kabisa. Mgomba unapanda mwenyewe, jembe litaingia hapo mwakani. Dumu la sindano la mgonjwa mmoja anayejichoma mara mbili kwa siku linachukua miezi kujaa. Mzee anarudi kliniki kuchukua insulini, si ndiyo? Basi siku hiyohiyo dumu lipande naye.

#11 Mwalimu wa Tandahimba – saa 3:22 asubuhi

Dumu lipande naye. Kwa kweli hilo halikunijia. Asante.

#12 Jogoo la Chuno – saa 4:00 asubuhi

Mbona mnahangaika na antibiotiki? Mimi kapsuli zozote zilizobaki nafungua unga nakorogea kuku kwenye maji. Tetra, amoksilini, zote. Kideri hakijagusa banda langu miaka mitatu.

#13 Mfamasia Mtaani – saa 4:11 asubuhi

Kideri kinaletwa na kirusi. Antibiotiki haigusi kirusi hata kidogo. Miaka mitatu hiyo imekulinda chanjo ya jirani au bahati.

Na hao kuku mnawala, na mayai mnauza. Dozi ya kukisia kwenye beseni la maji ndiyo shule bora ya bakteria kujifunza kuishi na dawa. Siku mtoto wako anaugua nimonia, amoksilini inakutana na wahitimu.

#14 Jogoo la Chuno – saa 4:20 asubuhi

Wahitimu 😂😂 Haya, nimesikia. Chanjo ya kideri inauzwa wapi?

#15 Mchuuzi wa Feri – saa 4:23 asubuhi

Subirini kwanza, "kitu ambacho hakuna mnyama atakitamani" ni kipi? Mke wangu anasema machicha ya nazi.

#16 Jogoo la Chuno – saa 4:25 asubuhi

Machicha kuku wanagombania! Unataka kuniulia?

#17 Nesi Mstaafu – saa 4:40 asubuhi

Majivu ya jikoni na mchanga. Majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa pia yanafaa. Machicha hapana, mashudu hapana, ugali uliochacha hapana.

Sasa Korosho Ghafi na moto wake. Moto wa majani haufiki popote. Vichomea taka vya hospitali vilivyojengwa sawasawa vina vyumba viwili, cha kwanza kinaunguza taka na cha pili kinaunguza moshi, na joto linatakiwa kati ya nyuzi 850 na 1100. Hata humo sindano haiishi, inatoka imeungua, haina tena vimelea, inaingia shimo la majivu lililojengewa na kufunikwa. Kwenye moto wako plastiki ya bomba inayeyuka, ncha inabaki kavu imesimama kwenye majivu, na hayo majivu mnayamwaga shambani ambako mnapita peku mkiokota korosho. Plastiki ikiungua kwa joto dogo inatoa moshi wenye sumu, na mtu wa kwanza kuuvuta ni wewe mwenye kiberiti. Ukiweka humo ile dawa ya pumu ya kupuliza mdomoni, kopo linalipuka.

#18 Korosho Ghafi – saa 4:58 asubuhi

Nimepokea fimbo. Ila nijitetee kidogo: hata chupa za viuatilifu vya korosho tunafanyiwa hivyohivyo, tunauziwa kila msimu, anayekuja kuchukua makopo matupu hakuna. Uzi wake nitaufungua mwenyewe.

Halafu swali la kijinga: pale Msijute kuna kiwanda cha saruji, tanuri lile si linayeyusha mawe? Kwa nini dawa zote za mkoa zisiingie humo?

#19 Mfamasia Mtaani – saa 5:10 asubuhi

Si la kijinga. Tanuri la saruji linapika malighafi kwa nyuzi kama 1450, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 1999 wa dawa zisizotakiwa baada ya majanga linaitaja njia hiyo. Lakini hiyo ni kwa shehena, na kwa vibali vya mazingira. Kiroba cha mtu mmoja hakihusiki. Mwongozo huohuo unataja njia ya kimaskini ambayo naipenda: pipa la chuma linajazwa vidonge robo tatu, linamiminiwa saruji na chokaa na maji, linafunikwa, linazikwa dampo. Kidonge kinageuka jiwe, na hakuna wa kukifukua akakiuze mnadani.

Na usidhani natania. Dawa zilizotupwa nzimanzima hufukuliwa na kurudi sokoni. Ndiyo maana nasema vitoeni kwenye pakiti.

#20 Mama wa Watatu – saa 7:30 mchana

Naomba niulize na wala msinitupie mawe. Mwanangu wa pili ana miaka tisa, ana kisukari cha utotoni, anachoma kila siku. Kuna wiki kituoni insulini haipo na nanunua kwa bei ya kuumiza. Hapa naona dada ana vichupa vitano vizima kwenye friji anataka kuviteketeza. Hivi kweli?

#21 Mchuuzi wa Feri – saa 7:34 mchana

Hata mimi nilikuwa nawaza hilo nikaogopa kuliandika. Mpe dada wa watu!

#22 Nesi Mstaafu – saa 8:15 mchana

Mama wa Watatu, hakuna wa kukutupia jiwe. Hilo ndilo swali gumu kuliko yote yaliyoulizwa humu.

Insulini si kama kidonge. Ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 mpaka 8 muda wote, isigande wala isipate joto. Ikifunguliwa inahesabiwa siku 28. Ikiharibika mara nyingi huioni kwa macho, haibadiliki rangi wala haitoi harufu. Unamchoma mtoto dozi ileile, sukari inapanda, unadhani amekula peremende shuleni, kesho amelazwa. Halafu zipo aina: ya haraka, ya muda wa kati, ya mchanganyiko. Ya mama mtu mzima yaweza isiwe ya mwanao hata kidogo, na dozi za watoto zinapimwa kwa uzito.

#23 Mama wa Watatu – saa 8:22 mchana

Nimeelewa kuhusu aina. Lakini ikiwa ni aina moja na friji ni friji?

#24 Binti Mikindani – saa 8:40 mchana

Niseme ukweli kuhusu friji. Wiki ya msiba umeme ulikatika siku mbili mfululizo, na katikati ya pilikapilika mtu alichomoa friji kuchaji spika. Hakuna anayejua lilikaa saa ngapi. Ningekupa dada yangu, wallahi ningekupa. Siwezi kukupa kitu ambacho mimi mwenyewe siwezi kukuapia.

#25 Mama wa Watatu – saa 8:44 mchana

Asante kwa kusema kweli.

#26 Mfamasia Mtaani – saa 9:02 alasiri

Njia iliyopo, na nimeona ikifanya kazi: familia inavirudisha kliniki ileile iliyovitoa, mapema, wakati bado mtu anaweza kueleza vilivyohifadhiwa. Mtaalamu ndiye anayeamua, na mara nyingi ataamua kuviteketeza. Kugawana wenyewe kwa wenyewe hapana, hata kama roho inauma. Na kukosekana kwa insulini kituoni ni jambo la kumbana mganga mfawidhi na kamati ya kituo, lisigeuzwe kazi ya familia za marehemu.

#27 Mbeba Box wa Leicester – saa 10:20 jioni

Salaam kutoka Uingereza, kwetu Mikindani Mitengo. Huku mgonjwa wa sindano anaandikiwa boksi la njano na daktari pamoja na dawa, likijaa halmashauri inapanga kulichukua. Dawa zilizobaki famasi yoyote inapokea, bure, hawakuulizi. Huko mnashindwa nini?

#28 Fundi wa Mashimo – saa 10:31 jioni

Tunashindwa halmashauri ya Leicester.

#29 Mbeba Box wa Leicester – saa 10:33 jioni

😂 Haki yangu.

#30 Mtu wa Liwale – saa 1:15 usiku

Uzi mzuri. Nichomekee moja kuhusu ile diklofenaki aliyoitaja mleta mada, kwa kuwa huku tumepakana na hifadhi ya Nyerere na tumbusi tunawaona kila siku.

Uhindi miaka ya 1990 tumbusi walianza kuanguka mitini wamekufa. Walipungua zaidi ya asilimia 95 katika miaka michache, na hakuna aliyejua sababu mpaka 2004, ilipogundulika ni diklofenaki. Ng'ombe walikuwa wanachomwa dawa hiyo ya maumivu, wakifa mizoga inatupwa, tumbusi akila figo zake zinakufa. Uhindi, Pakistani na Nepali wakaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Tumbusi walipokwisha, mizoga ikabaki kwa mbwa, mbwa wakaongezeka, na kichaa cha mbwa nacho.

Najua njia ilikuwa mizoga, haikuwa jalala. Nimelileta kwa wale wanaosema kidonge kikishatoka mkononi kimekwisha.

#31 Mchuuzi wa Feri – saa 1:22 usiku

Na sisi tunameza kama karanga, kiuno kikiuma tu.

#32 Kijana wa Nachingwea – saa 2:05 usiku

Baba yangu alikuwa na saratani, tulipewa morfini ya maji, imebaki robo chupa. Hiyo nayo niichanganye na majivu?

#33 Mfamasia Mtaani – saa 2:12 usiku

Hapana, hiyo usiiguse. Morfini inadhibitiwa, ilitoka kwa kuandikishwa na inatakiwa irudi kwa kuandikishwa. Rudisha kitengo kilekile kilichompa mzee, omba waandike kiasi ulichorudisha. Mpaka siku hiyo ifungie kabatini. Inafanana na juisi na mtoto hajui. Pole kwa mzee.

#34 Binti Mikindani – Jumatano, saa 12:50 jioni

Narudi na mrejesho.

Ndoo ya rangi nilipewa na fundi anayejenga jirani. Chupa tatu zimeingia, gundi nimezungusha mpaka imekwisha, maandishi nimeandika pande mbili. Vidonge nimevitenga kwenye bahasha, amoksilini peke yake, insulini kwenye kikapu chenye barafu ingawa najua haina kazi. Nilishindwa tu kuibeba kama takataka.

Hospitali, dirisha la kwanza wakanikatalia, kama Nesi alivyosema. La pili mlinzi akataka kujua kama ndoo ina bomu. Nikauliza kliniki ya kisukari. Pale nikamkuta muuguzi mtu mzima, akasoma ndoo, akaniuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Nikamtaja mama. Akanyamaza kidogo. Akasema alikuwa akimpigia kelele za kuchelewa kliniki, na yeye akimletea kashata. Akachukua ndoo kwa mkono wake, akamwita kijana wa usafi mwenye glovu nene, ikaenda upande wa kichomea taka. Insulini na vidonge akavipokea, akaandika kwenye daftari. Nilipotaka kuondoka akaniambia niwaambie wenzangu walete, lakini wasilete kwenye chupa za maji. Nikamwambia nimeshawaambia.

Nilimuuliza kwa nini hawaweki boksi kliniki, wagonjwa warudishe sindano wakija kuchukua dawa. Akasema hata ya wodini kuna miezi wanayahesabu moja moja.

Dogo anaendelea, leo siku ya nne. Dawa zinamtia kichefuchefu, nampitia kila jioni na uji wa muhogo ili amezee. Nimempa glovu za bustani. Anazivaa akiniona, akipinda kona nadhani anavua.

#35 Nesi Mstaafu – saa 1:30 usiku

Mwambie ameze usiku kabla ya kulala, kichefuchefu kinampita akiwa usingizini. Na akifikisha wiki sita mrudishe kupima, usingoje wakupigie simu.

#36 Fundi wa Mashimo – saa 1:41 usiku

Dada, siku choo chako kikijaa nipigie, nakufanyia nusu bei.

#37 Mama wa Watatu – saa 2:00 usiku

Binti Mikindani, samahani, swali moja tu. Kabla ya friji mama alikuwa anahifadhi wapi ile aliyokwisha kuifungua? Kwangu umeme ni wa kubahatisha.

#38 Binti Mikindani – saa 2:09 usiku

Kwenye mtungi. Mitungi miwili, mdogo ndani ya mkubwa, katikati mchanga unaumwagilia maji asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi. Kichupa unakitia kwenye mfuko mkavu ndani ya ule mdogo. Haifikii ubaridi wa friji, lakini ukitia mkono unaona tofauti. Kliniki ndiko walikomfundisha, kwa kile kilichofunguliwa tu.

Mtungi wenyewe upo uani, mzima, hauna kazi tena. Insulini sikuweza kukupa. Mtungi njoo uchukue.

#39 Mama wa Watatu – saa 2:11 usiku

Jumamosi nakuja. Niteremke kituo gani?